Yanga 2023/2024: Ubingwa ulitoka wapi baada ya kuondoka Nabi, Mayele, Bangala na Djuma?

Mwana wa Jangwani ameuliza:

Wakuu, heshima kwenu.

Nimekuwa nikirejea misimu miwili ya Ligi Kuu Tanzania Bara, ule wa 2022/2023 na ule wa 2023/2024, na kuna jambo ambalo halijanikaa sawa kichwani. Katika dirisha la usajili la katikati ya mwaka 2023, Yanga iliondokewa na watu ambao timu nyingi zingeyumba kwa kumpoteza hata mmoja wao. Kocha Nasreddine Nabi, aliyekuwa ametupa ubingwa mara mbili mfululizo baada ya Simba kuuhodhi kwa misimu minne, alikwenda AS FAR ya Morocco. Fiston Mayele, aliyemaliza ligi akiwa na mabao 17 sawa na Saido Ntibazonkiza wa Simba na ambaye pia aliibuka mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho Afrika, alikwenda Pyramids ya Misri, akatuachia kumbukumbu ya kutetema, ule mtindo wake wa kushangilia bao. Feisal Salum alihamia Azam baada ya ule mvutano mrefu wa mkataba, Yannick Bangala naye akaelekea hukohuko Chamazi, na Djuma Shaban, aliyefunga penalti iliyotupa ushindi wa 1-0 mbele ya USM Alger katika fainali ya marudiano kule Algiers, akaagwa.

Kwa hesabu ya kawaida, hapo palipaswa kuwa na msimu wa kujenga upya. Badala yake timu, ikiwa chini ya Miguel Gamondi kutoka Argentina, ilichukua ubingwa wake wa 30, ikautangaza mwezi Mei 2024 kwa kuifunga Mtibwa Sugar 3-1 pale Manungu, na ikamaliza na pointi 80 huku Azam na Simba zikilingana kwa pointi 69. Juu ya hayo ikaingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1998, ikafika robo fainali na ikatolewa na Mamelodi Sundowns kwa mikwaju ya penalti tu.

Swali langu ni hili: kilichotubeba ni usajili, ni kocha, au ni wapinzani waliopungua nguvu? Naomba wenye hoja wazilete kwa utulivu. Utani wa jadi tuuache kwa siku ya dabi.

---

Kiungo Punda amejibu:

Mkuu, swali lako ni zuri, lakini lina dhana ndani yake ambayo nadhani ndiyo inayokutatiza. Unaitazama orodha ya walioondoka Juni na Julai 2023 kana kwamba warithi wao walipaswa kuja Juni na Julai hiyohiyo. Ukiangalia tarehe utaona kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kuziba mapengo ilikuwa imeshafanyika miezi sita kabla.

Mchukulie Feisal. Alikuwa ameacha kuichezea timu tangu mwishoni mwa 2022, kwa hiyo alipokwenda Azam katikati ya 2023 tayari Yanga ilikuwa imecheza nusu msimu mzima bila yeye, ikachukua ligi na ikafika fainali ya Afrika. Mudathir Yahya alisajiliwa dirisha dogo la Januari 2023, na kufikia Agosti alikuwa amezoea kucheza pembeni ya Khalid Aucho kiasi kwamba hakuna aliyelazimika kujifunza upya. Kennedy Musonda naye alikuja Januari hiyohiyo kutoka Power Dynamos ya Zambia, akakaa miezi sita akijifunza ligi yetu huku Mayele akiwa bado yupo, na ndiye aliyefunga bao pekee la fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani dhidi ya Azam pale Tanga mwezi Juni. Stephane Aziz Ki alikuwa na msimu mzima mwilini tangu alipotoka ASEC Mimosas mwaka 2022. Hao wote hawakuonekana kama warithi wakati wanasajiliwa, na ndiyo maana hatukuwahesabu.

Sasa nije kwenye mabao, maana hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Wengi tulikuwa tunauliza nani atafunga mabao 17 ya Mayele, tukawa tunamsubiri mshambuliaji wa kati wa kimo na mbwembwe zilezile. Klabu ilimleta Hafiz Konkoni kutoka Bechem United ya Ghana, na hakufua dafu. Dirisha dogo lilipofika akaondoka na nafasi yake ikachukuliwa na Joseph Guede. Ukiutazama usajili kwa jicho hilo la "nani badala ya nani" utasema ulishindwa. Lakini katika kundi hilohilo walikuja Pacome Zouzoua na Yao Kouassi, wote kutoka ASEC Mimosas, na Maxi Nzengeli kutoka Maniema Union ya Kongo, nao ndio waliobadilisha mahali mabao yanakotoka. Chini ya Nabi shambulizi lilikuwa na mdomo mmoja: mpira utafutiwe njia ya kumfikia Mayele ndani ya boksi. Chini ya Gamondi mshambuliaji wa kati alikuwa anavuta mabeki, anagusa mpira mara moja au mbili, na nyuma yake wanakuja watu watatu wakikimbia. Ndiyo sababu Aziz Ki, ambaye ni kiungo, alimaliza na mabao 21 na kuwa mfungaji bora wa ligi.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni ule mchezo dhidi ya Simba wa Novemba 5, 2023 kwa Mkapa. Musonda alifunga kwa kichwa mapema, Kibu Denis akasawazisha kabla ya dakika kumi kutimia, na tukaenda mapumziko tukiwa 1-1. Kipindi cha pili yalikuja mabao manne: mawili ya Maxi, moja la Aziz Ki, na penalti ya Pacome. Hakuna hata moja kati ya manne hayo lililofungwa na mshambuliaji wa kati. Beki wa Simba aliyejiandaa kumkaba namba tisa alijikuta anamkaba mtu asiyekuwa na haja ya kufunga, huku hatari ikipita mgongoni kwake.

Nitaongeza jambo moja ambalo najua litawaudhi baadhi ya wenzangu. Kuondoka kwa Feisal kulimfungulia Aziz Ki mlango. Wote wawili walipenda eneo lilelile nyuma ya mshambuliaji, na walipokuwa pamoja mmoja alilazimika kuhamia pembeni. Feisal mwenyewe hakudhoofika, alifunga mabao 19 akiwa na Azam, na mbio za kiatu cha mfungaji bora zikawa kati ya watu wawili waliokuwa chumba kimoja cha kubadilishia nguo mwaka mmoja nyuma yake. Tungebaki nao wote, sidhani kama tungepata mabao 40 kutoka kwao.

---

Mtani wa Msimbazi amejibu:

Ndugu zangu watani, nimesoma kwa makini na nakubali kwamba timu yenu ilikuwa nzuri. Hata hivyo naona mnaipamba hadithi kupita kiasi.

Msimu wa 2022/2023, mkiwa na Nabi na Mayele, mlimaliza na pointi 78. Msimu uliofuata mlimaliza na 80. Hiyo ni tofauti ya sare mbili. Sisi Simba tulikuwa na pointi 73, tukashuka hadi 69. Azam, ambayo msimu wa kwanza ilikuwa mbali nyuma yetu, ilipanda hadi ikalingana na sisi na kutupita kwa wastani wa mabao. Kwa hiyo pengo la pointi 11 mnaloliita ushahidi wa ubora wa usajili wenu kwa sehemu kubwa ni kipimo cha matatizo yetu.

Na matatizo hayo nayajua vizuri kuliko ninavyopenda. Msimu wa 2022/2023 tulipoteza mechi moja tu ya ligi, ile ya bao la Prince Dube, na bado tukakosa ubingwa kwa sababu ya sare 7. Wachache wanaikumbuka hiyo. Agosti 2023 tuliwafunga kwa penalti pale Mkwakwani katika Ngao ya Jamii baada ya dakika 90 kumalizika bila bao, na wakati huo hakuna aliyekuwa anasema Gamondi ana dawa. Baada ya zile bao tano uongozi ulimfukuza kocha Robertinho ndani ya siku chache, akaja Abdelhak Benchikha, naye akaondoka kabla ligi haijaisha na Juma Mgunda akaachiwa timu. Katikati ya hayo, Januari 2024, tuliwaacha Jean Baleke na Moses Phiri kwa wakati mmoja, tukawaleta Pa Omar Jobe na Freddy Michael, ambao walihitaji muda tusiokuwa nao. Timu inayobadilisha makocha watatu na safu nzima ya ushambuliaji msimu mmoja haiwezi kuwa kipimo cha ubora wa mwingine.

Kama mnataka kuusifu usajili wenu, usifieni Ligi ya Mabingwa. Kuifunga CR Belouizdad 4-0 si kazi ya kila mtu. Lakini kwenye ligi ya ndani, punguzeni ngoma.

---

Mwenye Daftari amejibu:

Hoja ya Mtani ina uzito, na nimeona niiweke kwenye hesabu kabla ya mtu kuijibu kwa hasira. Nimetenganisha pointi ambazo Yanga na Simba zilipata zilipokutana zenyewe na zile zilizopatikana kwa timu nyingine 14.

Msimu wa 2022/2023, dabi ya kwanza ya Oktoba 2022 iliisha 1-1, ile ambayo Augustine Okrah alitangulia kufunga na Aziz Ki akasawazisha kwa mpira wa adhabu. Ya pili, Aprili 2023, Simba ilishinda 2-0 kwa mabao ya Henock Inonga na Kibu Denis. Kwa hiyo Yanga ilivuna pointi 1 na Simba 4. Ukiziondoa, Yanga inabaki na 77 na Simba inabaki na 69.

Msimu wa 2023/2024 Yanga ilishinda zote mbili, 5-1 na kisha 2-1 mwezi Aprili 2024, kwa hiyo ilivuna 6 na Simba haikupata kitu. Ukiziondoa, Yanga inabaki na 74 na Simba inabaki na 69.

Tazameni hapo kwa utulivu. Dhidi ya timu nyingine, Simba haikushuka hata pointi moja pamoja na makocha wake watatu; ni 69 kwa 69. Yanga ndiyo iliyoshuka, kutoka 77 hadi 74. Waliokuwa wakisema timu itapungua makali baada ya Mayele hawakukosea kabisa: katika mechi 28 za kawaida ilipungua kidogo, ikafungwa na Ihefu 2-1 kama ilivyofungwa na Ihefu hiyohiyo msimu uliotangulia, ikafungwa na Azam 2-1 mwezi Machi, na ikatoa sare mbili. Pengo lote lililoongezeka, na zaidi ya hapo, lilitoka kwenye mechi mbili za dabi ya Kariakoo.

Kwa hiyo nawajibu wote wawili. Kiungo Punda ana haki kusema timu ilibadilika, lakini mabadiliko hayo hayakuifanya iwe bora mbele ya kila mtu. Mtani naye ana haki kusema pointi 80 si muujiza, lakini kusema Simba ilidhoofika kwa jumla hakuungwi mkono na daftari. Simba ilidhoofika mbele ya Yanga.

---

Mwana wa Jangwani:

Mwenye Daftari, umenishangaza. Nilikuwa naamini tulikuwa bora kila mahali, na sasa naona kwamba msimu wa Mayele ndio tuliokuwa imara zaidi kwa timu za kawaida. Basi niongeze swali: kwa nini tofauti ijitokeze kwenye dabi na kwenye Ligi ya Mabingwa, na isijitokeze tunapocheza na timu ndogo?

---

Kiungo Punda:

Kwa sababu timu ndogo zinakaa nyuma, mkuu. Ihefu au Kagera Sugar ikiweka watu kumi mbele ya lango lake, hakuna mgongo wa kukimbilia, na hapo unamhitaji Mayele: mtu wa kuruka juu ya mabeki wawili, au kuugeuza mpira kwa mguu mmoja ndani ya mita tano. Maxi na Pacome wanahitaji nafasi wazi. Simba haiwezi kukaa nyuma mbele ya mashabiki wake, na Belouizdad ilikuja Dar es Salaam ikijua inahitaji matokeo, kwa hiyo zote mbili ziliacha nafasi hiyo.

Mechi ya Belouizdad yenyewe ilifuata mtiririko huo. Alianza kufunga Mudathir, akafuata Aziz Ki, kisha Musonda na Guede wakamalizia wakati mpinzani ameshafunguka. Na Sundowns, ambao wanajua kukaa na mpira na hawakuwa na haraka, walitubana bila bao kwa mechi mbili nzima, Dar es Salaam na Pretoria. Najua kila Mwananchi, yaani shabiki wa Yanga, atataja mpira wa Aziz Ki uliogonga mwamba na kudunda karibu na mstari kule Pretoria, na mimi nasema lilikuwa bao. Lakini katika dakika 180 hatukutengeneza nafasi nyingi za wazi, na hilo mwamuzi hahusiki nalo.

---

Beki wa Zamani amejibu:

Naona mazungumzo yote yako mbele, kama kawaida yetu. Mimi nilicheza nyuma, kwa hiyo mniwie radhi nikirudi huko.

Kuondoka kwa Bangala kulinitia hofu kuliko kuondoka kwa Mayele. Alikuwa anacheza beki wa kati na kiungo mkabaji kwa ubora uleule, na kocha akiwa na mchezaji wa namna hiyo anaweza kubadili mfumo katikati ya mchezo bila kufanya mabadiliko ya wachezaji. Kumpata mwingine kama yeye ni shida, na klabu haikumpata. Gift Fred aliyeletwa kutoka SC Villa ya Uganda hakupata nafasi ya kutosha kuitwa mrithi.

Kilichotokea ni kwamba nafasi hiyo ilishikwa na mtu aliyekuwa ndani tayari. Ibrahim Hamad, Bacca, alisajiliwa Januari 2022 kutoka KMKM ya Zanzibar, na kwa muda mrefu alikuwa akisubiri nyuma ya Bangala, Dickson Job na Bakari Mwamnyeto. Gamondi alipoanza kuipandisha safu ya ulinzi hadi karibu na mstari wa kati, alihitaji beki mwenye kasi ya kurudi, kwa sababu safu ikikaa juu kila mpira mrefu unaovuka kichwa ni mbio za mita thelathini. Bangala hakuwa mtu wa mbio hizo. Bacca ni mtu wa mbio hizo. Ukimtazama akicheza, anageuza kiwiliwili kabla mpira haujapigwa, akiwa ameshaelekea upande wa lango lake, na mshambuliaji anapoanza kukimbia yeye ameshachukua hatua mbili. Hilo halionekani kwenye takwimu yoyote, na ndilo lililomwezesha kocha kucheza alivyotaka.

Upande wa kulia ni hivyohivyo. Djuma alikuwa fundi wa krosi na penalti, lakini Yao alikuwa na mapafu ya kupanda na kushuka dakika 90, na alimwachia Maxi uhuru wa kuingia ndani bila kuacha winga tupu. Kwa hiyo mabao mawili ya Maxi kwenye dabi mnayoyasifu yana mguu wa beki ndani yake. Na nyuma ya wote hao Djigui Diarra alibaki langoni, Aucho akabaki mbele ya mabeki, Job na Mwamnyeto wakabaki. Tunasema kikosi kilibadilika sana, lakini uti wa mgongo haukuguswa: kipa, mabeki wa kati wawili na kiungo mkabaji wote walikuwa walewale.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaompa Gamondi sifa zote. Msimu wa 2024/2025 alianza na kikosi ambacho kwenye karatasi kilikuwa kizito zaidi, kwa kuwa Clatous Chama alitoka Simba, Prince Dube akatoka Azam, na Chadrack Boka akaja beki ya kushoto. Novemba 2024 akafungwa na Azam 1-0, kisha na Tabora United 3-1, akaondolewa. Akaja Sead Ramovic, naye akaondoka Februari kwenda CR Belouizdad. Akaja Miloud Hamdi, na ni yeye aliyemaliza kazi ya ubingwa wa 31 kwa kuifunga Simba 2-0 mwezi Juni 2025. Makocha watatu, ubingwa uleule. Mtani alisema hapo juu kwamba timu yenye makocha watatu haiwezi kuwa kipimo cha kitu, nami namwomba autazame msimu huo tena.

---

Mtani wa Msimbazi:

Beki, umenibana. Sitabishana na hesabu ya Mwenye Daftari wala na hilo la makocha watatu. Ila utaona mwenyewe kwamba msimu huohuo wa 2024/2025, mkiwa na Chama na Dube, mliishia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa nyuma ya Al Hilal na MC Alger, sisi tukafika fainali ya Kombe la Shirikisho. Kwa hiyo kama uti wa mgongo unatosha kwa ligi ya ndani, kwa Afrika hautoshi. Huko anahitajika kocha anayekaa.

---

Beki wa Zamani:

Hilo nakubali, mtani, na ndiyo sababu naona kumwondoa Gamondi Novemba, siku chache kabla ya makundi kuanza, kulikuwa uamuzi wa haraka. Ligi ilikuwa na muda wa kusamehe. Makundi yana mechi sita tu, na mbili za kwanza zilichezwa na kocha mgeni ambaye hakuwa hata amewazoea wachezaji wake. Zote mbili tukafungwa 2-0, moja na Al Hilal na nyingine na MC Alger.